Stakabadhi

Mwaka wa tatu sasa nakaa hapa getini Chekereni,
kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
nakata stakabadhi: Fuso, elfu tano;
tipa la magurudumu kumi, elfu kumi na tano.
Nakala ya bluu inabaki kijijini.
Sijaiba hata shilingi. Andikeni na hilo.

Zamani mbuga ilikuja yenyewe.
Mvua ikinyesha Kibosho, huku chini hatuoni hata wingu,
lakini siku ya tatu ardhi inalainika chini ya kandambili,
siku ya tano vyura wanakesha,
na Mama Ndeshi anapandisha kanga hadi magotini
akiwakatia ndago ng'ombe wake wa bandani.
Kambale waliolala toponi tangu Julai
wanaamka na njaa ya wanafunzi wa bweni.

Shimo lilianzia kwa Kiwelu, dogo,
ukubwa wa choo cha shule.
Walitoa moramu. Chini ya moramu, mchanga.
Chini ya mchanga wakakuta mfinyanzi mweusi, mzito,
usio na soko.
Dereva akasema, takataka hiyo.
Wakautoboa, wafikie mchanga wa pili.

Hakuna aliyejua kwamba ndio ulikuwa sufuria.

Masika hii maji yalikuja. Niliyasikia usiku
yakipita katikati ya ndago bila kusimama,
yakaingia shimoni kama ng'ombe wanaojua zizi lao.
Asubuhi shimo limejaa, kijani, kimya,
na mbuga imepasuka kama kisigino.
Vyura wachache wanalia kutoka kule chini,
sauti za watu waliotumbukia kisimani.

Mama Ndeshi akaja getini na mundu mkavu.
Hakunitukana. Aliomba kuona kitabu.
Nikamfunulia: tarehe, namba ya gari, sahihi yangu.
Akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa,
akalamba kidole, akafunua tena.
"Na maji," akauliza, "yalipita saa ngapi?"

Nyumba yangu nimeijenga kwa mchanga uleule,
tripu mbili, nililipia, stakabadhi ninazo.
Usiku wa mvua ukuta wa chumbani hutoka jasho,
linaanzia chini, linapanda taratibu,
linafika usawa wa magoti.
Mke wangu anasema tupake rangi ya mafuta.