Mji

Nachonga funguo Kariakoo, Mtaa wa Kongo,
kati ya muuza soksi na muuza sumu ya panya.
Kwa hiyo yule binti wa maabara, kule Upanga,
alipoanza kunieleza habari za nakala
sikuhitaji michoro yake ya rangi.

Ufunguo huzaa ufunguo,
huo nao ukazaa wa tatu,
na tupa, hata mkono usipotetemeka,
iko siku itakula jino kidogo,
unywele tu,
na wote watakaofuata watazaliwa na pengo lilelile.
"Ndivyo tunavyohesabu," akasema.
"Tunafuata mapengo kurudi nyuma."

Mama alitoa mate yake akiwa hai,
Magomeni, juu ya kiti cha plastiki,
akilalamika kwamba pamba ile ina ladha ya dawa.
Majibu yakaja siku ya tatu baada ya arobaini yake.
Semeni binti Kibwana.
Binti Kibwana! Maisha yake yote
aliandikwa kwa jina la mwanamume,
na mama yake kwa jina la mwanamume mwingine,
na bibi yake, sijui, kaburi lake lina jiwe tu.
Karatasi haikumtaja mwanamume hata mmoja.
Herufi, tarakimu, herufi.
Chini yake: kukeni.

Mama alijivunia uenyeji.
"Sisi ndio wenye Mzizima," akiwaambia wapangaji
wakichelewesha kodi. "Nyie ni wa kuja."
Sasa sikia, mama. Wanadhani
wa kwanza alikuwa hukuhuku mashariki ya bara,
miaka elfu sitini, sabini, hapo hawagombani sana.
Mabinti zake wengine walivuka Bahari ya Shamu
wasigeuke.
Wako aliingia msituni, magharibi,
akazaa huko mpaka lugha ikabadilika mdomoni,
ndipo wajukuu wakarudi na jembe na mbegu,
wakizaa njiani, wakizika njiani,
hadi wakaikuta tena bahari.
Wengine walifikishwa bahari ya upande wa pili,
si kwa miguu yao.
Herufi zako ziko hata Brazili,
na hazikukata tiketi.
Uliondoka hapa, ukazunguka, ukarudi.
Mwenyeji na wa kuja, mama,
wamepanga chumba kimoja.

Kiswahili kilijua kabla ya hadubini.
Mji ni huu, na foleni zake,
na maji yanayotoka Jumanne usiku.
Mji ni pale tumboni mtoto anapokaa.
Neno moja, wala hatukuuliza kwa nini.
Nami nikaitwa Kondo,
babu akikusudia vita,
wakunga wakicheka.

Nikauliza, kwa sauti ya mteja anayeuliza bei:
na mimi, nitampa nani?
Binti akavua miwani.

Tulizaliwa wanaume wanne, mji mmoja.
Tumezibeba herufi zote, haijapungua hata moja,
na hatuna pa kuzipeleka.
Ufunguo mzima. Kitasa hakipo.
Mama mdogo Havijawa alikuwa na binti
aliyeolewa Kilwa, au Moroni, inategemea unamuuliza nani.
Simu yake haipatikani.
Huenda ana watoto. Huenda ni wavulana.

Buguruni, nyumbani, mwanangu ana mimba ya miezi saba.
Herufi zake ni za mama yake, Mmakonde wa Newala,
mstari mwingine kabisa, haunihusu wala hauniombi ruhusa.
Kidevu ni cha mama yangu,
ila kidevu hakimo kwenye karatasi.
"Baba, nimeota ni msichana.
Tumwiteje?"

Nilikuwa bado na vumbi la shaba kwenye kucha.
Lipo moja ninaloweza kulipitisha
bila pamba, bila tupa.
"Semeni," nikasema.

Na mke wangu, jikoni, mafuta yakivuma,
akaitika:
"Tuseme nini?"