Wa Saba

Posta walipiga simu saa kumi na moja na nusu alfajiri.
"Bwana Lindqvist, njoo upesi. Sanduku lako linapiga kelele,
na Doreen wa stempu ameshakosea chenji mara mbili."
Nje theluji ya Aprili, ile isiyojua kuaga.
Nikavaa koti juu ya pajama. Ottilie alikosea buti,
la kushoto kulia, la kulia kushoto,
na bado akawahi garini kabla yangu.

Niliagiza sita. Majike sita, nikalipia majike sita,
safari ya siku mbili kutoka kusini wanakototolesha.
Risiti inasema sita.
Tulipofungua juu ya meza ya jikoni, tukahesabu saba.
Tukahesabu tena, maana hawatulii: saba.
Na kikaratasi:
*Tumekuongezea mmoja, endapo mmoja atafia njiani.*

Hakufa hata mmoja.
Ottilie akakisoma kwa kidole, neno kwa neno.
"Sasa huyu wa kuongezea ni yupi?"
Nikasema hajulikani.
"Yeye mwenyewe anajua?"
Nikasema tia maji kwenye kisahani.

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, sawa,
lakini kunywa lazima aonyeshwe.
Unamchovya mdomo, unasubiri.
Kichwa kinainuka, kikoo kinacheza,
macho yanafumba kama ya mpishi anayeonja mchuzi wake.

Beseni la kuogea likawa lao. Maranda ya mbao, taa nyekundu,
kipimajoto ambacho marehemu Inga alipimia sukari ya peremende.
Nyuzi thelathini na tano wiki ya kwanza,
kisha kila wiki unapandisha taa tundu moja la mnyororo.
Sisi tukaogea jikoni, kwa ndoo, kama jeshi.
Vumbi lao likatua mpaka kwenye miswaki.

Siku ya nne mmoja akaziba nyuma.
Nikamlaza kiganjani, kitambaa cha maji vuguvugu, taratibu.
Miaka thelathini na moja nimefungua injini za mabasi ya shule,
sijapata kushika kitu kidogo hivyo
kinachotetemeka na wala si kibovu.
Ottilie alishika tochi.
"Ni yule wa kuongezea?"
"Nimekwambia hajulikani."

Mama yake alisema wiki mbili.
Yuko Fargo, anatafuta nyumba, anatafuta kazi, anatafuta.
Alimleta na begi moja na mto.
Hii ni wiki ya tisa. Hupiga simu Jumapili,
na simu hukatika, au hukatwa.
Shule wakaleta fomu: *idadi ya watu nyumbani.*
Niliandika moja, nikafuta,
nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mei wakaota manyoya, mabawa kwanza, mengine baadaye,
kama watu waliokurupushwa na moto usiku wa manane.
Tukawahamishia bandani. Beseni nililisugua siku nzima,
na Ottilie akakataa kuoga ndani yake. Alisema ni kubwa mno sasa.

Kisha Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ile ile ya posta,
bandani ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta.
Kimya. Mlango tena.
Wa saba akajulikana.

Jirani naye ana masikio. Barua ya halmashauri ikafika:
kuku wasizidi sita, jogoo marufuku, mkaguzi Alhamisi.

Akaja kijana mpole na ubao wa kuandikia.
Akahesabu sita. Akahesabu tena, maana hawatulii: sita.
Nyuma yangu, mlangoni, jua la kuyeyusha lami,
Ottilie kavaa koti la theluji, zipu hadi kidevuni,
na koti lina pumzi zake lenyewe.
"Mtoto ana homa?"
"Hana."
Akaandika sita. Akapindua ukurasa.
"Na watu humu ndani, mko wangapi?"
"Wawili," nikasema,
na neno likatoka bila kutoboa kitu.
Kabla wino haujakauka
koti likawika.