Mita Kumi na Nne

Sikulijua. Nilikuwa nafyeka tu,
mgongo umepinda,
kati ya Kaliua na Usinge,
kandokando ya reli, mahali jembe halijawahi kufika
kwa kuwa ardhi hii ni ya shirika
na shirika halilimi.
Ng'ambo ya mpaka ni tumbaku mpaka macho yachoke.
Mbuga ya zamani imebaki huku,
kama pindo la kanga iliyokwisha kuraruka katikati.

Ua likasimama mbele ya fyekeo.
Rangi yake, niseme nini? Si zambarau.
Ni ulimi wa mtoto aliyekula zambarau
kisha akanywa maji.

Lugembe akasema, "Kitunguu pori hicho, kata."
Mwashi, anayetupikia, akasema kwao Ussoke
waliliita taa ya panya,
na hajaliona tangu aolewe.
Nikalizunguka. Nikaacha kichaka cha nyasi
kama kinyozi aliyepigiwa simu kabla hajamaliza kichwa.

Wiki ya pili akaja Bi. Nyamizi Kapaya kutoka Tabora,
lenzi shingoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Mtu mzima, akalala kifudifudi kwenye kokoto
akahesabu vinyweleo.
"Rangi hudanganya," akaniambia.
"Tazama chini ya kikonyo: jani moja,
moja tu, ukingo mwekundu.
Lile la kawaida lina mawili."
Nikatazama. Kioo kilikuwa na upana wa sarafu,
na mimi nikapotea humo.

Tulitafuta mpaka jua la utosi. Kumi na moja.
Nilidhani ataling'oa mojawapo,
alikaushe ndani ya gazeti, alipeleke mjini likapewe jina.
Gazeti alikuwa nalo. Akalirudisha mkobani.
"Kumi na moja si hesabu ya kupunguza."
Akaokota petali iliyokwisha kuanguka yenyewe.

Nikamuuliza habari za moto; kila mwaka tunachoma.
"Moto ndio unaoliamsha," akasema.
"Linaloliua ni fyekeo la Desemba,
mbegu hazijakomaa."
Fyekeo la Desemba.
Yaani mimi.

Kiberenge cha ukaguzi kilifika Jumatano.
Daftari la genge lina safu mbili:
imefyekwa, haijafyekwa.
Nikaandika pembeni, nje ya mstari, kwa kalamu ya risasi:
mita kumi na nne, zinasubiri.
Mkaguzi akasoma. Akazitazama nyasi.
Hakuona kitu, maua yalikwisha kujifunga.
Akatia sahihi. Labda alikuwa na njaa.

Barua ya Bi. Nyamizi haijajibiwa bado;
katika vitabu ua halina jina.
Mwashi analo lake, na Lugembe siku hizi
anapofika pale huhamisha fyekeo bega la pili
na kupita bila neno.

Usiku, treni ya Kigoma ikitikisa kitanda changu,
nazifikiria mbegu,
ndogo kuliko chembe ya ugoro,
zikidondoka pembeni mwa mataruma,
gizani,
hazina tiketi, haziendi popote.