Siku za Mvua

Barua imefika Jumanne. Ina kidirisha cha nailoni,
na ndani yake jina langu, Narelle Direen,
limekaa kama mtu aliyeitwa kituoni.
Nadaiwa dola elfu nne, mia moja na tisini, na senti sita.
Zilizonitisha ni zile senti sita.
Anayekudai senti sita, nilidhani,
huyo amehesabu kweli.

Malipo ya ziada, wanasema. Posho ya wasio na kazi
niliyoila miaka saba iliyopita
huku, wanasema, nikiwa na kazi.

Nilikuwa nayo. Wiki sita.
Cheri za Bi Lorna Skeggs, juu ya mto Huon,
Desemba hadi katikati ya Januari, ngazi begani,
vidole vyeusi mpaka Pasaka.
Nilitangaza kila dola. Nilipanga foleni ili nitangaze.
Nao wamezichukua wiki zangu sita
wakazipaka juu ya mwaka mzima
kama siagi ya mchoyo juu ya mkate mrefu,
hata Julai, mwezi wa barafu kwenye vioo,
nilipolala na koti na soksi za marehemu baba,
hata Julai kompyuta yao imenikuta nachuma cheri
kwenye miti isiyo na jani.

Haba na haba hujaza kibaba: hilo nalijua.
Sikujua kwamba kibaba nacho hupinduliwa,
kikamwagwa haba haba
juu ya siku zilizokuwa tupu.

Nikapiga simu. Muziki, dakika hamsini na tatu.
Kisha kijana, sauti yake imechoka kuliko yangu:
Mama, kuthibitisha ni juu yako. Leta hati za mshahara.
Nikamwuliza, wewe unazo zako za miaka saba?
Akanyamaza.
Mimi mwenyewe, akasema, mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Bi Skeggs aliuza shamba. Anaishi Geeveston
na mbwa kipofu anayegonga viti na kuviomba radhi.
Akatoa daftari kutoka kabati la sahani,
penseli tupu, mwandiko umelala upande
kama nyasi zilizozoea upepo.
Hakuna saa humo. Kuna ndoo.
Narelle, ndoo 31.
Narelle, ndoo 28, mkono unauma.
Mvua. Hakuna kazi.
Mvua. Hakuna kazi.
Mvua. Helikopta imekuja kupuliza miti ikauke,
cheri zimepasuka vilevile. Hakuna kazi.

Nilikuwa nimesahau. Hata zile wiki sita
zilikuwa na matundu.
Tulijibana ndani ya gari la Trish Oakford, vioo vimejaa mvuke,
tukicheza karata kwa kokwa,
na aliyeshinda alishinda kokwa.

Nikapiga picha kila ukurasa, nikatuma.
Jibu lilichukua wiki tatu kuja na mistari miwili.
Maandishi ya penseli hayakubaliki.

Dawa ya deni ni kulipa, walinena waliotangulia.
Hawakutaja dawa ya lile usilolikopa.
Sasa wananikata dola ishirini kila wiki mbili
kabla fedha haijanigusa kiganja.
Nimepiga hesabu nami, nyuma ya bahasha yao:
miaka minane na mwezi,
na mara ya mwisho kabisa, dola kumi
na zile senti sita.
Nitakuwa na sitini na tano.

Mchana nimeshuka dukani.
Mkate, maziwa, daftari la jalada gumu,
kalamu ya wino usiofutika.
Nimeketi mezani na kuandika tarehe, polepole,
kama mtoto anayejifunza,
nikatazama nje kuhakikisha,
kisha nikaandika:
Mvua. Hakuna kazi.