Mdomo wa Mwanamke wa Mizani

Mikebe saba ilikuja ndani ya gunia la dagaa,
imefungwa kwa kamba ya nyavu, kutu hadi kifunikoni.
Nilipofungua wa kwanza chumba kizima kikanuka siki;
Luhende, fundi simu wa chini, akapanda ngazi kuuliza
nani anatengeneza achari.

Hakuna achari, Luhende. Ni picha inakufa.

Mwaka wake haujulikani. Marehemu Virji,
mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Rufiji,
aliipiga kwa kamera ya kuzungusha kwa mkono:
mchezo wa kubuni, dakika arobaini na moja,
bila sauti hata ya mbu.
Karani wa pamba anapunja. Mkulima anakuja na furushi kichwani.
Mizani inaning'inia kati yao kama shahidi aliyehongwa.
Nyuma, Jiwe la Bismarck,
na juu yake ndege yule yule wa leo asubuhi, ningeapa.

Miezi kumi na minne nimekaa hapa Makoroboi
juu ya duka la misumari,
nikisafisha picha moja moja, elfu thelathini na tisa na ushei:
hapa ukungu,
hapa alama ya kidole cha Virji mwenyewe (hiyo nimeiacha),
hapa mkwaruzo mrefu unaoshuka kama mvua
ambayo siku ile haikunyesha.
Umeme ukikatika nilihesabu honi za kivuko cha Kamanga.
Mume wangu akasema, Limi, unafua nguo za maiti.
Nikasema ndiyo, na zinatakata.

Kuna mahali yule mkulima anageuka, anatutazama.
Anasema jambo. Kisha kadi nyeusi,
herufi nyeupe za Virji, zimekwenda upande:
BWANA KARANI, NISAMEHE.

Nilipita pale mara mia.
Kadi imeshasema; mimi nani?

Hadi Bi Nyanzobe alipoleta rimoti yake itengenezwe.
Miaka ishirini na sita kwenye mitambo ya kufuma,
mitambo mia mbili ikinguruma pamoja;
masikio aliyaacha huko,
pamoja na kiinua mgongo ambacho hajalipwa.
Wao walipiga umbea kwa midomo mitupu,
mtambo hadi mtambo,
msimamizi akipita katikati asiambulie neno.
Akaketi kwenye ndoo niliyoipindua. Akatazama.
Akajipiga paja.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Huyu haombi msamaha! Kisukuma hicho, tena cha Kwimba.
Anamwambia: mizani yako imepinda
kama miguu ya baba yako."

Virji alijua? Alimwagiza aombe radhi, naye akatukana
akiwa ameinamisha kichwa vizuri kabisa?
Karani ana jina mwanzoni mwa picha.
Punda ana jina.
Yeye hana.

Vijana wa kibanda cha video Igogo, wale wanaotia maneno
kwenye vinywa vya watu wa mbali, walinisihi:
tuipe sauti, itauzika kama maji.
Nikakataa. Kadi nayo nimeiacha na upande wake,
maana uongo wa kale nao ni wa kale.
Ila picha arobaini na nane zilizo kabla yake
nilizirudia wiki mbili, usiku,
nikautoa mkwaruzo uliokuwa umelala juu ya mdomo,
polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni mwa mtoto,
hadi mdomo ukabaki mdomo,
na jino la pembeni, lililovunjika, likaonekana.

Diski zimetoka mia tatu. Jalada la buluu. Elfu nne.
Jana kijana wa Mabatini kairudisha yake:
"Dada, mbovu hii. Sauti haitoki."
Bi Nyanzobe alikuwapo. Hakumsikia,
ila alimwona akisema.
Akainuka, akampisha ndoo,
akanionyesha kwa kidole:
weka.