Konde la Baba, Ukuta wa Kaskazini

Mimi ni dereva tu. Kazi yangu ni kona za milima,
breki, na mabegi ya watu tisa waliotoka Uholanzi.
Msemaji ni Smaranda. Hushuka wa kwanza,
na kabla ya kanisa huwapitisha nyasini,
nyasi za kiunoni, za mwezi wa sita,
akitaja kila ua kwa majina mawili:
la Kilatini, kisha la bibi yake.
Jicho-la-ng'ombe. Kitana-cha-Bikira. Damu-ya-sungura.
Bwana Wiebe, mjane, anaandika yote
katika daftari lililokuwa la mkewe.
Kurasa za mwanzo zina mapishi.

Halafu kanisa. Paraschiva anakuja na ufunguo
mrefu kama mwiko, vidole vikinuka jibini.
Lakini ya kutazama yako nje:
ukuta mzima umechorwa, kwa kuwa wakulima
walikuwa wengi na mlango mwembamba.
Mto wa moto unateremka toka kwenye kiti cha enzi
umebeba maaskofu, wala riba,
na mfalme mmoja aliyeshikilia taji lisidondoke.
Juu kabisa malaika wawili wanakunja mbingu
kama wakunjao jamvi baada ya arusi.

Haya huyasikia garini, dirisha likiwa wazi.
Miaka kumi na mmoja. Nayajua
kama mtu ajuavyo redio ya jirani.

Ukuta wa kaskazini hauna hadithi.
Mvua imewalamba watakatifu kuanzia miguuni;
waliosalia ni vichwa chini ya upenu,
kama watu waliosimama kwenye maji ya shingo
wakingoja mtu aseme: tokeni.

Leo Smaranda aliinama upande wa kusini,
karibu na kiatu cha mtakatifu fulani,
akawaonyesha ua dogo, la buluu, petali tano,
ambalo siku zote hizo sikuwahi kumsikia akilitaja.
"Mchoraji alitoka nje kukojoa," akasema,
"akaliona. Hili hakulitoa kitabuni."
Wakacheka. Bwana Wiebe hakucheka.
"Lipo bado?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya uzio.
"Lilikuwa pale. Linataka nyasi zikatwe,
mara moja kwa mwaka, kwa fyekeo,
mbegu zikishadondoka. Asipokuja mkataji
huja miiba, baada ya miiba misonobari.
Konde nalo ni picha, bwana. Lina mchoraji wake.
Akiweka chini brashi, linafutika."

"Naye yuko wapi?"

Smaranda hakulitazama gari.
Hilo ndilo lililoniuma: hakulitazama.

Konde lile ni la baba. Alipokufa nilinunua gari,
na gari lilinilipa kuwaleta watu
kutazama makonde ya wengine.
Misonobari imeshafika kifuani mwangu.
Huegesha nikiwa nimeipa kisogo.

Jioni, wageni wakiwa mezani, nilipanda darini.
Fyekeo lilikuwa limening'inia, jekundu kwa kutu,
kinoo ndani ya pembe ya ng'ombe, pembe imekauka.
Nilinoa mpaka mbwa wa Paraschiva akachoka kubweka.
Ati mikono haisahau. Yangu ilikuwa imesahau.
Nilikata kama mtu anayepiga nyoka.

Bwana Wiebe alinikuta huko, leso ya mezani bado shingoni.
Hatuna lugha moja, mimi na yeye.
Alinishika kiuno kama fundi wa ngoma, akanizungusha,
akaushusha ubapa mpaka ukagusa umande.
Nyasi zikalala upande mmoja, shwaa,
bila kelele, bila kugombana.

Tulikata upana wa kitanda. Labda vitanda viwili.
Ua la buluu hatukuliona.
Aliokota jingine, la manjano, hakuniuliza jina,
akalibana kwenye ukurasa wa supu ya mbaazi.

Kesho tuondoke saa mbili kwenda monasteri inayofuata.
Nimewaambia saa tano.
Nimesema gari lina hitilafu.