Nyongeza

Siku ya tatu Mwaloni, Kirumba,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
daftari magotini, kalamu imeshika harufu ya dagaa.
Fomu ina maswali ishirini na mawili.
La tisa: Kwa nini unaongeza?

Maana nimehesabu.
Mama Nyanzala hujaza kopo, hulikung'uta,
hulisawazisha kwa kiganja kama anayefuta jina ubaoni,
hulimimina kikapuni. Biashara imekwisha,
pesa imeshaingia kwenye fundo la kanga,
kisha mkono unarudi.
Konzi moja. Siku nyingine nusu konzi.
Unarudi wenyewe, kama mlango wenye bawaba mbovu.

Nikamuuliza, kama fomu inavyotaka.
"Nisipoongeza," akasema, "nitakuwa nimeuza tu."

Nikaandika: desturi. Nikakata.
Nikaandika: kumfunga mteja. Nikakata.
Mwalimu wangu kule Malimbe hupenda neno mfumo;
nikaliweka, likakaa ukurasani
kama mgeni aliyeingia na viatu.

Mengine sikuyapangia safu:
mtoto aliyetumwa huongezewa kuliko mama yake,
"atatafuna njiani, kopo lifike zima."
Na Masatu, mwenye deni tangu masika,
hupimiwa sawasawa, bila hata dagaa mmoja juu,
na soko zima husikia.

Ijumaa nikamwambia, wabeja mama, utafiti wangu umeisha.
Akakunja gunia. "Na wangu pia."

"Wako?"

"Siku ya kwanza ulinunua kopo,
ukafunga mfuko kabla mkono wangu haujarudi.
Nikamwambia Kabula: huyu kazoea mizani ya betri,
au kuna mtu alimnyima akiwa mdogo.
Siku ya pili ulisubiri, ila ukatazama pembeni.
Jana uliuacha mfuko wazi,
tena ukausogeza."

Sikuwa na safu ya hilo.
Kongoti walikuwa wamejipanga juu ya paa la ghala
kama kamati isiyolipwa posho,
ziwa likinuka chuma na sabuni.
Nilitaka kusema kitu kuhusu bibi yangu,
aliyekuwa akipima hata chumvi kwa kijiko.
Sikusema.

Fomu moja ilibaki tupu. Nikampa.
Akaikunja pembe, akaijaza dagaa,
akampa mteja aliyefuata,
swali la tisa likiwa upande wa nje,
herufi zikianza kulowa mafuta,

na mkono ukarudi.